Ukimuuliza, Atakataa

Mtaani kwetu Magogoni wanajua kwamba nilisoma ng'ambo, katika chuo kinachofundisha mambo ya biashara, na kwamba nilirudi na shahada pamoja na koti zito ambalo sijalivaa tena. Kwa sababu hiyo huniletea vijana wao. Kijana amemaliza digrii, amefanya kazi miaka kadhaa benki au bandarini, sasa anataka kwenda kusoma uzamili wa biashara, na mzazi anataka kujua kama hiyo ni ndoto tu au ni jambo la kushikika. Mimi humkalisha kijana sebuleni nikamuuliza alama zake, kazi yake na anachokitaka, kisha nikamwambia nafasi yake ikoje. Nilikuwa nikilipenda jambo hili. Nilipenda namna walivyoketi kwenye ncha ya kiti wakinisubiri nifungue mdomo.

Binti ninayetaka kumweleza hakuletwa na mtu. Alikuja mwenyewe Jumapili moja asubuhi, kutoka Timbwani kule Likoni, upande wa pili wa kivuko, na mkobani mwake mlikuwa na faili la plastiki lenye vyeti vyake vyote. Mamake ni shoga yangu. Tulikulia nyumba zinazotazamana, tukasoma darasa moja, na katika Kiingereza alinishinda kila muhula. Yeye aliolewa tukiwa hatujamaliza hata kuzoea kutovaa sare ya shule. Mimi nilichelewa kuolewa, ndipo nikapata kusoma. Binti huyu nilimpakata akiwa hajatimiza arubaini.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Ila hajui kama nimekuja huku. Nimemwambia nimeitwa kazini leo."

Nilicheka nikamwambia atoe karatasi. Alikuwa akifanya kazi Changamwe, katika kampuni inayowatolea watu mizigo bandarini. Alianza kwa kujaza hati za forodha, sasa ndiye aliyekuwa akiwasimamia wenzake wanaofuatilia makontena yaliyokwama. Kazi nzuri, na wakubwa wake walimsifu. Lakini digrii yake ilikuwa ya daraja la pili, la chini. Mtihani wa kuingilia, ule wa hesabu na Kiingereza unaofanywa kwenye kompyuta, alikuwa ameurudia, na alama zilikataa kupanda. Chuo alichokitaka nilikijua vizuri, maana ni jirani wa kile nilichosoma mimi.

"Nipime, Mamdogo," akasema. "Usinifiche."

"Nafasi yako ni finyu," nikamwambia. "Wanaoomba kutoka pande zetu hizi ni wengi. Wana alama za kukushinda, na wanatoka katika makampuni ambayo yule anayesoma maombi ameshayasikia. Atakusoma, atasema huyu ni msichana mwenye bidii, kisha atakuweka kando amchukue mwingine. Si kwamba hufai. Ni kwamba hakuna kitu cha kumfanya akukumbuke jioni akirudi kwake."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakulia wala hakubisha. Alianza kurudisha vyeti kwenye faili, akisawazisha pembe zake.

"Basi ahsante. Afadhali kujua mapema."

Mpaka hapo nilichosema kilikuwa cha haki, na lau ningempa chai akanywa akaenda zake, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilimwonea huruma. Au labda nilitaka kuonyesha kwamba mimi naweza kupata njia pale ambapo mwingine haoni. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote wanapokwama.

"Hebu kumbuka. Pana wakati wowote uliposhika jambo peke yako, huna mkubwa juu yako, na lau hukulishika lingeanguka?"

Aliacha kupanga vyeti. Kisha akasema, "Pana wakati mmoja. Lakini si wa kazini."

"Nambie."

"Ni wa nyumbani. Ule mwaka mama alipougua miguu."

Ule mwaka niliukumbuka. Nilikuwa ng'ambo. Nilisikia kwamba mumewe amempa talaka na kuhamia Malindi kwa mke mwingine, nikapiga simu kumpa pole. Binti ndiye aliyepokea. Akaniambia mama amevimba miguu, daktari amemkataza kusimama, sasa hivi amelala. Nilipiga tena baadaye, mama bado amelala. Nikatuma salamu. Nilikuwa na mitihani, na habari ya miguu ilinitosha.

"Hakuwa na ugonjwa wa miguu, Mamdogo," binti akasema, akiangalia faili lililokuwa mapajani mwake. "Hiyo ilikuwa ni ya kuwaambia watu."

Ndipo akanieleza. Baba alipoondoka, mama aliingia chumbani akalala akielekea ukutani, na hakuinuka. Hakula mpaka alishwe, hakuoga mpaka aoshwe. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na ana mdogo wake wa kiume wa kupelekwa shule. Nyumba ile ilikuwa ikiendeshwa na mahamri ambayo mama aliyapika alfajiri na kuyapeleka madukani na kwenye mikahawa iliyo karibu na kivuko. Binti akaamka badala yake. Siku za mwanzo mahamri yalitoka magumu kama mbao, wateja wakayarudisha, mkahawa mmoja ukamwacha kabisa. Akajifunza. Akawatafuta wanawake wawili majirani wa kumsaidia kukanda na kuchoma, akawapangia zamu, akaenda mwenyewe kuzungumza na wenye mikahawa aliyokuwa hajawahi kuingia. Mwaka ulipomalizika, alikuwa akiuza zaidi ya alivyouza mamake. Na muda wote huo, aliyeuliza aliambiwa miguu. Shangazi zake, imamu wa msikiti, mimi niliyekuwa ng'ambo, wote tuliambiwa miguu.

"Kisha siku moja," akasema, "niko jikoni, nikasikia nyayo. Nikageuka, nikamwona mama mlangoni. Alichukua hamri moja akaliuma, akatafuna, akanambia, 'Iliki imezidi.' Basi. Akachukua mwiko akaendelea na kazi. Hatukulizungumza tena mpaka leo."

Machozi yalikuwa yakimtoka, nami pia yalinitoka. Nilimlilia shoga yangu ambaye alikuwa ameelekea ukutani wakati mimi nikituma salamu. Hilo ni kweli, na nataka liandikwe. Lakini kweli nyingine ni kwamba kabla machozi hayajakauka nilikuwa nimeshafurahi. Niliisikia furaha yenyewe kifuani, kama ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kisha akaugusa mfukoni.

"Hiyo ndiyo," nikasema. "Hiyo ndiyo insha yako ya maombi."

Aliniangalia kama hakunielewa. "Hiyo si yangu, Mamdogo. Hiyo ni ya mama."

"Wewe ndiye uliyeamka alfajiri."

"Naam, lakini yeye ndiye aliyelala."

Jibu hilo lingemtosha mtu mwenye akili. Badala yake nilikaa naye mpaka adhuhuri nikimgeuza. Nilimwambia kwamba wale wasomaji wako mbali, hawaijui Timbwani wala hawatakutana na mamake sokoni. Nilimwambia kwamba kila mwombaji huandika jambo la ndani, ndivyo wanavyotaka kule, wanataka kumjua mtu ndani na nje. Nilimwambia kwamba kwa alama zake nafasi ni finyu, lakini kwa habari hii mimi mwenyewe ningempa nafasi nzuri. Yote hayo niliyaamini. Akasema, "Basi nimuulize kwanza mama. Akiniruhusu nitaandika."

Nami nikamjibu, "Ukimuuliza, atakataa. Na akikataa utafanya nini?"

Aliondoka na faili lake, na wiki iliyofuata akaniletea insha.

Ilikuwa insha ya mtoto mwenye adabu. Aliandika kwamba mama aliumwa kwa muda na yeye akasaidia biashara ya nyumbani. Niliisoma nikaweka kalamu juu yake. "Hapa hakuna mtu," nikamwambia. "Aliumwa nini? Alilalaje? Ulimwosha namna gani?" Akaenda akarudi na nyingine, nikamrudisha tena. Kila mara iliporudi ilikuwa imevua nguo moja zaidi. Katika ile ya mwisho ulikuwemo ukuta, na bakuli la uji lililopoa, na kitambaa alichokilowesha maji ya vuguvugu akamfuta mamake mgongo na kwapa. Nilipomaliza kuisoma nilimwambia, "Mashallah. Sasa umeandika." Alishukuru, lakini hakutabasamu, na mimi niliona hivyo nikadhani ni uchovu.

Baada ya muda chuo kikamwita kwenye mahojiano, ya kuonana kwa kompyuta. Kwao Timbwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha na nyumba ya jirani ilikuwa ikijengwa, mafundi wanapiga nyundo kutwa. Nikamwambia aje kwangu alasiri hiyo, nitamwachia sebule. Sikutarajia kwamba angekuja na mamake. Alikuwa hatimaye amemwambia kwamba anaomba chuo, bila kumwambia ameomba kwa maneno gani, na mama akasema siku kama hiyo mwanawe hawezi kwenda peke yake.

Wakaingia pamoja, mama na chombo cha mbaazi za nazi mkononi, kimefungwa kwa kanga kisipoe. Alinikumbatia akanambia, "Shoga, kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukimsomesha mwanangu kwa siri! Mungu akulipe." Binti alikuwa nyuma yake, ananitazama kwa macho ya mtu aliyebanwa mlangoni.

Nilifanya nilivyoweza. Nilimwambia mama twende kwa jirani, kuna bibi arusi wa kutazamwa. Hakutaka. Nikamwambia basi tukae barazani tupunge upepo. Akasema hapana, atakaa jikoni, karibu, amsomee dua. Nyumba yangu ni ya kawaida, jiko na sebule zinagawanywa na ukuta, na juu ya mlango pana tundu za kupitishia hewa. Sauti hupita kama hakuna kitu. Binti alipoanza kuzungumza, mimi nikawasha mashine ya kusagia, nikatia nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

"Zima hiyo," mama akanambia. "Nataka kumsikia mwanangu akisema Kiingereza."

Nikaizima. Nitafanya nini? Tukakaa kwenye vigoda, yeye na tasbihi, mimi na mikono mitupu. Mwanzo yalikuwa maswali ya kazi, na binti alijibu vizuri, makontena, forodha, namna alivyoupanga upya utaratibu wa ofisi yao. Mama alikuwa akitabasamu akinigusa goti kila mwanawe alipotumia neno kubwa. Kisha ile sauti ya kompyuta, ya mwanamke, sauti ya upole kabisa, ikasema kwamba imeguswa na insha yake, na ingependa kuelezwa zaidi juu ya ule mwaka ambao mamake hakuinuka kitandani.

Tasbihi ilisimama.

Binti alianza kwa sauti ndogo. Yule mwanamke akamwomba apaze kidogo, hamsikii vizuri. Akapaza. Akaeleza yote, kama tulivyokuwa tumeyapanga, kwa mpangilio ule ule niliomfundisha: talaka, ukuta, uji, kitambaa cha maji ya vuguvugu. Akaeleza alivyowadanganya watu kwa habari ya miguu. Na mama alielewa. Mimi nilijua kwamba ataelewa, maana ni yeye aliyekuwa akinisahihishia insha zangu za Kiingereza tulipokuwa wasichana, na haya niliyajua siku zote nilipokuwa nikimwambia mwanawe kwamba wasomaji wako mbali.

Uso wake sikuweza kuutazama. Nilitazama mikono yake. Aliweka tasbihi mapajani, akachukua buibui lake lililotundikwa ukutani, akasimama. Nikadhani anaondoka, nami nikasimama nimfuate. Kufika mlangoni akasita. Kuondoka kulitaka kupita sebuleni, mbele ya mwanawe na mbele ya kompyuta. Akarudi akaketi. Niliponyoosha mkono kumshika, kigoda changu kikakwaruza sakafu, naye akaniwekea kidole mdomoni, kidole chake kwenye mdomo wangu mimi.

"Nyamaa," akanong'ona. "Asikatizwe."

Tukasikiliza mpaka mwisho. Binti alipofika kwenye hamri na iliki, yule mwanamke wa kompyuta akacheka kwa furaha, na mama akasema polepole, si kwangu, "Ilikuwa imezidi kweli."

Mahojiano yalipomalizika, kabla mlango haujafunguliwa, mama aliingia upesi kwenye chumba changu kilicho ubavuni mwa jiko na kuurudisha mlango. Binti akaja jikoni amelowa jasho, macho yanang'aa, kisha akakumbuka, akaniuliza kwa midomo tu, bila sauti: Amesikia? Sikupata kujibu. Mama alitoka chumbani anajifunga kanga ya kichwa kama mtu aliyetoka kuswali.

"Umeshamaliza? Nami nilikuwa kwenye sala sikusikia kitu. Haya, imekuwaje?"

"Nzuri, mama. Inshallah."

"Inshallah. Njoo nikubusu."

Akambusu kwenye paji, akamshikilia pale kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha tukala mbaazi, sote watatu, na mama ndiye aliyezungumza zaidi. Wakati wa kuondoka binti alitangulia nje kutafuta gari la kuwapeleka kivukoni. Mama akanigeukia mlangoni.

"Asijue," akasema.

"Shoga yangu, wallahi mimi—"

"Nimesema asijue. Hilo tu."

Binti akapata nafasi. Ilikuja habari asubuhi ya siku ya kazi, akanipigia simu kutoka Changamwe akipiga kelele, nyuma yake wenzake wa ofisini wakishangilia. Chuo kilimpa na ufadhili juu yake. Mtaani kwangu sifa zikanijia mimi. Mzee mmoja wa Magogoni aliniambia msikitini wamelizungumza, kwamba ukitaka mtoto aingie chuo kikuu cha maana, mpeleke kwa yule mama. Nilisema alhamdulillahi, nikaingia ndani nikakaa.

Binti alipokwisha kusafiri nilikwenda Timbwani kumwomba msamaha mamake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kwenye feri. Nilimkuta anachambua mchele, na kabla sijaanza akasema, bila kuinua uso, "Najua kilichokuleta. Sema."

Nikasema. Nikamwambia ni mimi niliyemshawishi, kwamba mtoto alikataa, kwamba alitaka kumwomba ruhusa nikamzuia. Nilidhani akijua hivyo hasira zitaniangukia mimi, zimwepuke mwanawe. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Alitaka kuniuliza?"

"Alitaka."

"Nawe ukamwambia asiniulize."

"Nilimwambia utakataa."

Ndipo akaniangalia. "Ningekataa," akasema. "Wallahi ningekataa, na ningemgombeza. Kisha ningekwenda kulala, na asubuhi ningemwita nimwambie aandike, maana mimi ni mamake. Siku moja tu, shoga. Ungenipa siku moja tu nikatae kwanza."

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, akiyaweka pembeni ya ungo.

"Lile la kuoshwa," akasema baadaye, sauti imepungua. "Sikujua kama analikumbuka. Nilikuwa nikijiambia alikuwa mdogo, atakuwa amesahau." Akapepeta kidogo. "Nambie jambo moja. Ndilo lililomwingiza?"

Hapo nilipaswa kusema sijui, maana kweli sijui. Hakuna ajuaye. Labda wale watu walipenda kazi yake ya makontena. Labda mwaka huo walioomba kutoka kwetu walikuwa wachache, nami nilikosea kumpima tangu siku ya kwanza, na nafasi haikuwa finyu hata kidogo. Hili la mwisho ndilo linalonirudia zaidi. Lakini nilimtazama alivyokuwa akingojea, nikaona kwamba nikimwambia sijui, nitakuwa nimemvua nguo bure.

"Ndilo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. "Basi," akasema. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Binti hunipigia simu mara kwa mara. Anasoma vizuri, baridi inamsumbua, amepata marafiki. Siku moja sauti yake ilikuwa tofauti. Aliniambia kwamba darasani wamezoea kuitana na kusimuliana habari zao, na yeye ameshaisimulia ile ya mamake mbele ya watu wengi, na kila akiisimulia inakuwa nyepesi zaidi, na hilo linamtia hofu.

"Nataka kumwambia mama," akasema. "Nimwambie niliandika nini. Siwezi kula naye sahani moja nikirudi huku namficha. Unaonaje, Mamdogo? Ataumia?"

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, simu sikioni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na ushauri. Nikisema mwambie, atamwambia mtu ambaye ameshajua na ambaye hataki ijulikane kwamba anajua. Nikisema usimwambie, nitakuwa nimemzuia mara ya pili mlangoni mwa mamake.

"Safari hii usiniulize mimi," nikamwambia. "Muulize yeye."

"Nimuulize nini?"

"Lolote utakalo. Mpigie tu."

Nilisikia magari ya huko ng'ambo yakipita. Kisha akasema ana darasa, tutazungumza, na sikujua kama amenielewa au ameona ninamkimbia. Mpaka leo sijui kama alimpigia. Mama hajaniambia, na si haki yangu tena kuuliza.

Timbwani bado naenda. Zamani nikifika nilipitia mlango wa uani, nikavuta kigoda jikoni, nikajimiminia chai mwenyewe na kugombezwa kwa kutia sukari nyingi. Idi iliyopita nilipobisha uani, shoga yangu alikuja kunifungulia akaniongoza mpaka sebuleni. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, kile cha wageni, akafungua kabati la vioo akatoa vikombe vyenye maua. Aliniuliza habari za watoto, habari za kazi, habari za njiani. Nilimjibu zote. Akanikaribisha tambi na kaimati, akanisogezea meza ndogo, akanisisitiza nile kama asisitizwavyo mtu aliyetoka mbali.